Mwongozo Uliofuta Ng'ombe wa Naeku

Fransiska alikuwa akichapa barua za wateja dukani kwake, mtaa wa Levolosi. Wifi yake Naeku akaingia, disketi mkononi, macho mekundu.

"Wifi, orodha yangu ya chanjo imefutika yote!"

Naeku alihudumia mifugo magharibi mwa Mlima Meru. Wazee wa huko hawapendi ng'ombe wao wahesabiwe. Basi alipita boma kwa boma, wakamtajia kila ng'ombe kwa rangi yake, naye akaandika. Ilikuwa kazi ya miaka miwili. Sasa hakujua nani amechanjwa, nani bado.

"Nilifuata mwongozo wa programu ya kutunza orodha," alisema. "Ukurasa wa nne. Futa faili la zamani, halafu nakili."

Fransiska aliacha kuchapa. Kosa hilo alilijua tangu mwaka jana, alipochapa nakala za mwongozo huo. Kunakili kulipaswa kutangulia.

"Nililiona, wifi," alisema kwa shida. "Nikanyamaza. Mimi mchapaji tu, nimsahihishe mtaalamu?"

Naeku aliitupa disketi mezani, akageukia dirishani. Afadhali angemtukana.

Philemoni, fundi wa kompyuta wa duka la jirani, alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni.

"Dada, programu hii ni ya bure," alimwambia Fransiska. "Na mwongozo wake, yeyote anayeutumia anaruhusiwa kuurekebisha. Waandikie wanaoutunza. Taja ukurasa, kilichoandikwa, na kinachotakiwa. Basi."

"Watanicheka."

"Wacheke huku wanasahihisha!"

Wakaandika barua pepe ya mistari sita. Siku ya tano likaja jibu la shukrani. Ukurasa wa nne ulikuwa umesahihishwa. Fransiska akachapa nakala mpya, akampelekea Ephraimu, mhudumu wa mifugo wa Kikwe, aliyetumia programu ileile.

Jumamosi alifunga duka, akafuatana na Naeku bomani kwa mzee Lomayani kuandika orodha upya.

"Ng'ombe hawa si niliwataja mwaka juzi?" mzee aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Kosa ni langu," Fransiska alisema. Aibu ilimshika, lakini akafungua daftari.

Mzee aliguna, kisha akaanza kutaja. Walipofika kwa ndama wa mwisho, simu ya Fransiska ililia. Alikuwa Ephraimu. Alikuwa amefuata ukurasa wa nne uliosahihishwa, na orodha yake yote ya ng'ombe ipo salama.

"Anasema asante sana, wifi."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, Naeku alicheka.

"Mwambie awashukuru ng'ombe wangu."