Andiko Lisilokuwepo

Ndugu zangu, nyumba ya seremala, mzee wa kanisa, ilikuwa tulivu kama maji ya mtungini. Asubuhi moja yeye alikuwa akipiga randa barazani, mkewe akishona nguo za watu sebuleni, mara simu ikalia. Dada yake seremala, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa ameanguka kwa kiharusi. Upande mmoja haunyanyuki. Alilala peke yake chumbani kwake, akingoja huruma ya jirani.

"Tumlete hapa," mkewe alisema.

Seremala hakuinua macho. "Neno linasema, 'Jisaidie, nami nitakusaidia.' Aanze kujikongoja kwanza."

"Limeandikwa wapi, baba watoto?"

"Mithali huko. Kwani wewe husikii mahubiri?"

Mke alikuwa akisikia, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Miaka kumi na miwili alibeba Biblia kwapani kama mkoba. Alimjua Mungu kwa kusimuliwa tu, kama jirani usiyewahi kumsalimu. Sasa akaifungua. Mithali, sura zote thelathini na moja. Halimo.

"Basi Zaburi," seremala alisema.

Katika Zaburi pia hakuliona. Aliona watu wakimlilia Mungu, wengine wakimlalamikia waziwazi, naye akiwasikiliza. Akajikuta anazungumza naye huku anapiga pasi.

"Bado tu? Kumbe nimeoa mpelelezi!" seremala alicheka. "Tafuta kwenye Injili."

Katika Marko akakutana na watu wanne waliombeba mgonjwa asiyeweza kujisaidia kwa lolote, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yesu. Yesu hakumwuliza kama amejaribu kutembea. Mke akafunga kitabu, akalia kwa aibu. Wiki tatu nzima alikuwa akitafuta ruhusa!

Mchana ule ule alikwenda kwa wifi yake, akarudi na mkokoteni, jirani mmoja akimsaidia. Mgonjwa alikuwa juu yake, kwenye godoro, mgongo umejaa vidonda vya kulala. Seremala akaziba mlango.

"Nilisema nini mimi?"

Sauti ya mkewe, ambayo hata sokoni haisikiki, haikutetemeka. "Andiko lako halipo. Nimelitafuta, nikamkuta Mungu mwenyewe, wala hafanani na unavyomsema. Pisha, baba watoto. La sivyo nabomoa paa, na wewe ndiye utakayeliezeka."

Jirani aliyeshika godoro akashindwa kuzuia kicheko. Mgonjwa akageuza ulimi mzito, akamwita mdogo wake kwa jina la utani la utotoni: "Ki... bogoyo."

Mzee wa kanisa akashika pembe ya godoro.

Vidonda vilichukua miezi kupona. Mguu haukurudi. Daktari alisema angeletwa mapema, pengine angetembea.

TUNALOONDOKA NALO

Usikubali kusimuliwa Mungu maisha yako yote, hata na mzee wa kanisa, hata na mume. Soma mwenyewe. Sema naye mwenyewe. Anayemjua Mungu kwa masikio ya wenzake anaweza kumwacha ndugu yake aoze, kisha akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Na wakituita wabishi kwa kuuliza "Limeandikwa wapi?", basi na watuite. Tutaendelea kuuliza.