Seva ya Tatu

Seva zilikuwa mbili tu, na Philister alizijua vizuri kama anavyozijua sufuria za jikoni kwake Waithaka. Moja ilikuwa hapa mjini, ghorofa ya sita, nyingine Muthangari, nazo ndizo zilizoendesha milango, taa na lifti za majengo mawili. Kila mwaka vyeti vyao vya usalama vilipokaribia kuisha muda, yeye ndiye aliyeweka vipya: hii ikubali cheti cha ile, na ile ikubali cha hii. Upande mmoja ukikataa, hazijuani tena.

Jumatatu hiyo saa nane mchana, orodha ilionyesha tatu.

Ya tatu haikuwa na jina. "Seva ngeni inaomba kuaminiwa," skrini iliandika. "Ndiyo au Hapana?" Philister alikuwa na njaa, vyeti vilikuwa vimebakiza dakika tano, akabonyeza Ndiyo bila kusoma. Usimcheke. Hata wewe hujawahi kuyasoma maneno yale.

Kwanza ilikuja harufu ya nywele zilizoungua, kama saluni za Kenyatta Market siku ya Jumamosi. Kisha feni za seva zikavuta pumzi, zikatulia, zikavuta tena. Simu ikalia. Alikuwa Kinyanjui, bawabu wa Muthangari.

"Madam, milango imejifunga yote," alinong'ona. "Na watoto wa daycare wako ndani. Kuna kitu inawaita na majina kwa spika."

"Janice yuko wapi?"

"Amesimama kwa mlango. Anaijibu."

Janice alikuwa bintiye wa miaka minne, mmoja wa watoto hao walioachwa kutunzwa mchana.

Mwelu, mama wa usafi, alikuwa ameingia na ndoo yake, leso puani. "Hii harufu naijua tangu nyumbani," alisema polepole. "Jini haingii bila kukaribishwa. Nani amemkubali?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe utamkataa."

Philister akarudi kwenye orodha, akaitafuta ile seva isiyo na jina, akaikosa, akaitafuta tena huku feni zikimhemea shingoni na harufu ikimkaba na Kinyanjui akiita damu ya Yesu kwa sauti ya chini simuni, hadi alipoona kwamba ya tatu sasa ilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Janice.

"Janice anaomba kuendelea kuaminiwa. Ndiyo au Hapana?"

Alilia waziwazi.

"Huo ni ujanja," Mwelu alimwambia. "Kataa."

Akabonyeza Hapana. Feni zikanyamaza.

"Imefunguka, madam," Kinyanjui alisema. "Watoto wote wako sawa."

Alifika Muthangari kwa bodaboda. Janice alikuwa uani akicheka, mzima kabisa. Alijua jina la mwalimu, alijua wimbo wa asubuhi ile, alijua baba yake anafanya kazi wapi. Philister akapiga magoti, akamfungulia mikono.

Mtoto alimtazama kwa adabu, kisha akajificha nyuma ya Kinyanjui na kumvuta suruali.

"Anko," aliuliza, "huyu anti ni nani?"