Waisiko Ahesabu Foleni ya Nyamongo

Waisiko huuza ndizi mbivu kwenye njia panda ya Nyamongo. Meza yake iko ukingoni kabisa mwa barabara. Dereva wa bodaboda ananyoosha mkono, anachukua ndizi, analipa, anaondoka. Hata kwenye pikipiki hashuki. Kwa ndizi hizo Waisiko anasomesha watoto watatu.

Tatizo ni foleni. Mji umekua haraka, lakini njia panda ni ileile. Kila asubuhi magari hukwama pale, honi zinalia mpaka masikio yanauma. Ukiuliza chanzo ni nani, kila mtu atamnyooshea kidole mwenzake.

Mume wake, Heche, anaendesha kenta ya mizigo kutoka Kewanja. Ni mtu wa heshima, na heshima yenyewe imezidi kipimo! Akimwona mwanamume wa rika lake, anasimamisha gari katikati ya barabara amsalimie. Atauliza habari za mke, watoto, ng'ombe na ndama. Walio nyuma yake wanasubiri salamu ziishe.

Siku moja Nice, afisa mipango miji, alifika pale mezani. Heche naye alikuwepo, anakula ndizi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Waisiko. "Umekuja kutufukuza?"

"Hapana. Nimekuja kuomba msaada wa foleni hii."

"Panueni barabara, basi!" alisema Heche. "Maneno ya nini?"

"Baba, tukipanua bila kujua kinachoziba, tutapata foleni pana zaidi. Kwanza tuhesabu. Na mama anakaa hapa kutwa. Nani anaijua njia panda hii kuliko yeye?"

Waisiko alikubali. Alitafuta makopo matatu. Lori likisimama barabarani kushusha mizigo, alitia harage. Dereva akisimama kusalimia, alitia punje ya mahindi. Mteja wake akisimama kununua ndizi, alitia karanga. Alihesabu hivyo siku tano.

Jumamosi walimwaga makopo mezani mbele ya Nice. Maharage yalikuwa sitini na moja. Mahindi, arobaini na nane. Karanga, mia mbili na zaidi.

Waisiko aliumia rohoni.

"Kumbe foleni ni mimi," alisema.

Heche aliangua kicheko.

"Usicheke, Baba Happy. Hapo kwenye mahindi, tisa ni ya kwako."

Kicheko kilikatika.

Nice alieleza taratibu. "Barabara hii inatosha. Ila tumeifanya ghala, tumeifanya soko, tumeifanya na sebule. Malori yashushe mizigo kabla ya saa moja asubuhi. Anayetaka kusalimia aegeshe pembeni kwanza. Wauzaji wahamie kiwanja cha nyuma ya maduka. Bodaboda tutazipa stendi kule kwenye mashine ya kusaga."

"Nyuma ya maduka?" aliuliza Waisiko. "Nani atanifuata huko? Wanangu watakula nini?"

Kisha akazisukuma karanga zake mbele ya Nice.

"Hizi karibu zote ni bodaboda. Wewe unawapeleka mashineni, mimi unanificha nyuma. Tuweke pamoja. Stendi yao iwe mlangoni mwa kiwanja chetu, nami nitahama kesho."

Nice alifungua ramani yake, akapima kwa kidole.

"Nafasi ipo," alisema. "Sikuwa nimeliona hilo, mama."

Kwenye mkutano wa wananchi mpango uliandikwa upya, watu wakaupitisha kwa kunyoosha mikono. Mwezi uliofuata wauzaji walihamia kiwanjani, na bodaboda zikapanga mstari mlangoni.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa mbaya. Ndizi zilirudi nyumbani zimelegea, na Waisiko alijuta kusema atahama. Siku ya nne madereva walizoea. Wakisubiri abiria, walikuwa wanakula. Abiria nao wakashuka na kununua, maana sasa hakuna honi ya kuwafukuza.

Pale njia panda magari yalipita bila kusimama. Heche alijifunza kupunga mkono tu, ingawa ilimchoma.

Wiki mbili baadaye Nice alikuja kiwanjani saa nane mchana. Alimkuta Waisiko anafuta meza.

"Shikamoo mama. Nimekuja kununua ndizi."

"Marahaba. Zimeisha tangu saa sita," alisema Waisiko akicheka. "Njia nyeupe yote hii, mwanangu, na bado umechelewa!"