Kivalvu Kilichonyamazishwa

"Fukuza huyu mtu! Ameniulia injini!"

Nilikuwa nimemkaba shati shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa pale, mbele ya gereji nzima...

Mkono wa pili nimeshika stiki ya kupimia oili. Ilichomoka yenyewe barabarani, oili ikatapakaa kila mahali, moshi usiseme!

Jamani, lile gari ndilo kazi yangu. Nabeba abiria. Na juzi yake tu shemeji ndiye aliyelifanyia sevisi.

"Shemeji, tulikague kwanza," alisema taratibu.

"Ukague nini? Kikulacho ki nguoni mwako!"

Bosi wa gereji hakutaka kelele mbele ya wateja. Akamwambia afungashe.

Shemeji akanitazama usoni... akatazama vidole vyangu... akabeba boksi lake la spana, akaondoka. Hakujitetea hata neno moja!

Mimi kifua mbele. Mshindi bwana!

Kesho yake gari akapewa Mama Grisi, fundi mkuu. Hakufungua injini. Alichomoa kidude kidogo tu pale juu, kinaenea kiganjani.

"Hiki ni kivalvu cha kupumulia. Injini inatolea pumzi hapa."

Akakitikisa sikioni. Kimya.

"Kikiwa kizima kinalia, kacha kacha. Hiki kimeziba. Injini imevimbiwa, ndiyo maana imetema oili."

Wadau... aliyekiziba ni mimi!

Siku moja kabla gari halijafa, mimi mwenyewe nilikichomoa! Nilikuwa naosha injini, nikakitikisa, nikasikia kinalia. Nikajua ndani kimekatika. Nikakijaza gundi mpaka kikatulia, nikajisifu kwamba na mimi ni fundi.

Mama Grisi akachokonoa kwa bisibisi. Gundi nyekundu.

"Nani kafanya huu ujinga?"

Nikaficha vidole mfukoni, nikaondoka.

Jioni nikamwambia mke wangu yote. Hakupiga kelele. Bora angepiga!

"Kaka alijua," akasema. "Gundi si uliazima kwake? Aliiona bado iko kwenye kucha zako."

"Sasa mbona hakusema?!"

"Kaniambia hawezi kumwaibisha mume wa dada yake mbele za watu."

Asubuhi nilikimbilia gereji, nikakiri kila kitu. Bosi akanionyesha tu kwa kidole: mahali pa shemeji alishasimama fundi mwingine. Nikapiga simu, haipatikani. Nikaenda chumbani kwake, mwenye nyumba akasema kahama, hakuaga.

Leo wiki ya tatu. Gari linakwenda vizuri, kivalvu kipya kinalia kama kawaida. Mimi ndiye sijui nimtafute wapi shemeji.

Ndugu zangu, usichokijua usikiguse. Ukishakigusa, sema mapema, kabla hujamnyooshea mtu kidole chenye gundi.

Shemeji, kama unasoma hapa, rudi. Dada yako kila siku anakuwekea sahani mezani. Anaitazama hiyo sahani tu, mimi hanisemeshi.