Kitabu cha Mwaka Tisini na Saba

Mzee Oswaldi alikutwa amelala kifudifudi kati ya meza na kabati la chuma, miwani yake imevunjika chini ya shavu, damu imeganda kwenye sikio. Funguo za ofisi ya parokia zilikuwa bado zinaning'inia mlangoni. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili kasoro asubuhi, na Padri Gabriel aliyemkuta alikuwa ametoka tu kuadhimisha misa.

"Anapumua," alisema padri alipompokea Inspekta Vitus. "Wamempeleka hospitali. Ameshatumikia parokia hii miaka arobaini, Inspekta. Nani wa kumpiga karani wa kanisa?"

Vitus alikuwa mtu wa kuhofia mambo kabla hayajafika. Mkewe alisema kwamba hata siku akipata usingizi mzuri huamka na wasiwasi kuwa kuna jambo amesahau kulihofia. Sasa alikuwa na la kuhofia. Mzee wa miaka sabini akifa, jalada la shambulio linageuka kuwa la mauaji.

"Kimeibwa nini?"

"Kitabu cha ubatizo cha mwaka elfu moja mia tisa tisini na saba. Hicho tu. Sanduku la sadaka halijaguswa."

Vitus aliinama mbele ya rafu. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwa miaka, vingine vina ngozi iliyochakaa tangu enzi za mapadri wa kizungu. Kati ya cha tisini na sita na cha tisini na nane palikuwa na pengo. Kwenye migongo ya vitabu hivyo viwili kulikuwa na vumbi la rangi ya kahawia, mahali vidole viliposhika.

Koplo Yonas aligusa vumbi lile kwa kidole, akakipeleka mdomoni.

"Wewe! Hicho ni kielelezo!"

"Unga wa ulezi, afande," alisema Yonas akijifuta kwenye suruali. "Umesagwa karibuni."

Nusu ya nyumba za mtaa huu wa Kizwite zina unga wa ulezi ndani. Vitus aliagiza sampuli ichukuliwe, picha zipigwe, na alama za vidole zinyanyuliwe kabatini, ingawa alijua zitakuwa za waumini wote wa kanda.

"Mzee alikuwa anafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Anafungua, anaacha funguo mlangoni, anakuja misa. Kila mtu anajua. Leo aliondoka katikati ya misa, nadhani alisahau miwani."

Basi mwizi alijua ratiba ya misa, na hakutegemea kukutana na mtu.

Wakati bado wanazungumza, dada mmoja alisimama mlangoni na bahasha mkononi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaitwa Jenifa, na alikuja kuchukua cheti chake cha ubatizo. Bila cheti kipya kilichonakiliwa kitabuni, kanisa halifungi ndoa, na ndoa yake ilikuwa Jumamosi.

Aliposikia kitabu kimeibwa alishika ukuta.

"Cha mwaka gani, Baba?"

"Tisini na saba."

"Mimi wa tisini na nane." Alishusha pumzi, kisha akaona aibu. "Nisamehe. Mzee Oswaldi ameumia nami nawaza cheti. Alikuwa ananisaidia kutafuta watu wangu."

"Watu gani?" aliuliza Vitus.

Jenifa alikaa. Alilelewa Namanyere na mwanamke aliyeitwa Epifania, mchuuzi wa dagaa. Miaka miwili iliyopita, kabla ya kukata roho, Epifania alimwambia kwamba hakumzaa. Tangu hapo Jenifa alikuwa akizunguka parokia hadi parokia, akipekua vitabu, akiuliza wazee. Wiki iliyopita alifika kwa bibi mmoja Kipili, mkunga wa zamani aitwaye Stumai. Bibi yule alikiri kwamba yeye ndiye aliyemkabidhi kwa Epifania, na kwamba alibatizwa hapa, lakini jina la mzazi alikataa kabisa kulitaja.

"Sitaki kumdai mtu kitu," alisema. "Nataka tu Jumamosi awepo wa kukaa kwenye kiti cha mama yangu."

"Nani alijua unatafuta?"

"Mchumba wangu Fabiani, Padri, Mzee Oswaldi. Na mama mkwe. Jumapili nilimsimulia yote, Kipili, Bibi Stumai, parokia hii. Alilia mpaka nikambembeleza mimi."

Padri alishatoa kitabu cha tisini na nane ili aandike cheti. Vitus alichungulia juu ya bega lake. Mwandiko wa Mzee Oswaldi ulikuwa mzuri, wa kunyooka.

*Jenifa. Amebatizwa 11 Aprili 1998. Amezaliwa Kipili, 9 Desemba 1997. Wazazi: hawakutajwa. Mlezi: Epifania.*

"Mwalimu, umezaliwa tarehe ngapi?"

"Kumi na moja Aprili. Ndivyo vilivyo vyeti vyangu vyote."

Vitus alimwangalia padri, na padri naye akamwangalia Vitus. Epifania alikuwa ameandikisha shuleni siku ya ubatizo, si siku aliyozaliwa mtoto. Jenifa hakujua. Mchumba hakujua. Mwizi alijua. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwaka aliozaliwa mtoto huyu, kwa kuwa huku kwetu mtoto hubatizwa ndani ya wiki, na hakuwa na habari kwamba huyu alisubiri hadi Pasaka. Alikuwepo kwenye uzazi, lakini hakuwepo kwenye ubatizo.

Vitus aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Padri, cheti hicho kisitoke kwanza."

"Inspekta, harusi ni keshokutwa."

"Ndiyo maana."

Nyumbani kwa Fabiani shughuli ilikuwa imepamba moto. Wanawake kama kumi walikuwa uani, wengine wanachekecha ulezi wa togwa, wengine wanachambua mchele na kutaniana. Mama yake, Monika, mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, alikuja akijipangusa mikono. Mikono ilikuwa na unga, kama ya wenzake wote.

"Shikamoo afande."

"Sipokei shikamoo ya rika langu, mama. Habari za shughuli?"

"Nzuri. Tunasikia Mzee Oswaldi kaumia. Atapona?"

"Hajaamka. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nasaga."

"Kwenu wapi?"

"Mollo."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Fabiani."

Alijibu haraka, na macho yake hayakutulia Vitus alipokuwa akijaza fomu ya maelezo. Lakini macho ya mama mwenye harusi hayatulii popote, na Vitus hakuwa na la kumshikia zaidi ya unga. Aliondoka bila amani. Kama alilokuwa analishuku ni kweli, basi kesi ya karani ilikuwa jambo dogo. Vijana wawili walikuwa wanasubiri Jumamosi kwa furaha, na wao hawakujua wanakwenda kufanya nini.

Ijumaa alfajiri aliteremka Kipili na gari la kituo. Bibi Stumai alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, anaanika dagaa kwenye turubai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kwa habari ya yule binti mwalimu, nimeshasema sisemi. Niliapa."

"Uliapa kumficha mama. Sawa. Lakini kesho binti huyo anaolewa, bibi. Nina hofu anaolewa na mtoto wa mama yake."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya dagaa.

"Anaolewa wapi?"

"Kizwite. Bwana harusi anaitwa Fabiani. Mama yake ni wa Mollo."

"Ya Rabi." Aliukunja ukingo wa turubai, akaukunjua. "Alikuwa mwanafunzi. Shangazi yake alimleta huku ziwani ili watu wa kwao milimani wasimwone. Alikaa siku mbili na mtoto, ya tatu wakampakia kwenye lori arudi shule. Wakamwambia mtoto atapelekwa misheni wiki hiyohiyo akabatizwe. Lakini mvua ilikata barabara, mtoto akakaa kwangu hadi Pasaka. Epifania alipokuja kununua dagaa akaondoka naye, akampeleka kubatizwa."

"Jina, bibi."

"Monika," alisema, akaanza kulia. "Monika wa Mollo."

Simu ya Vitus haikuwa na mtandao hata alama moja. Alimwambia dereva akanyage mafuta. Njia nzima aliishika simu mbele ya kioo, akilini akiiona harusi, akimwona padri aliyechoka kubembelezwa na maharusi akitia sahihi. Namanyere ndipo simu iliposhika.

"Yonas! Cheti?"

"Padri hajakitoa, afande. Fabiani ameshinda parokiani tangu asubuhi anataka kupigana. Na Mzee Oswaldi ameamka! Kauliza kama funguo zimerudishwa msumarini."

"Amesema nani?"

"Anasema ni mwanamke, amejifunika kanga usoni. Hakumtambua."

"Sawa. Mtafute Jenifa, na Fabiani, walete kituoni. Wasiambiwe kitu."

Alipofika uani kwa Monika saa nane mchana, togwa lilikuwa limeshapoa kwenye mapipa. Alimwomba waingie ndani, wawili tu.

"Nimetoka Kipili, mama. Bibi Stumai anakusalimu."

Monika hakulia wala kupiga kelele. Alikwenda chumbani, akafungua debe la unga wa ulezi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa kitabu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Nimekisoma usiku kucha," alisema. "Jina kwa jina. Hayumo."

"Hayumo kwa sababu alibatizwa mwaka uliofuata. Twende kituoni. Una haki ya kunyamaza, na utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza miaka mingi mno, afande. Nimechoka."

Kituoni alieleza yote, na Vitus akaandika.

"Hukujua kabla ya Jumapili?"

"Ningejua ningeacha matangazo yasomwe mara tatu kanisani? Nilimpenda yule binti tangu siku ya kwanza, nikadhani ni bahati ya kupata mkwe mwema. Jumapili akataja Stumai. Nikasikia masikio yanavuma."

"Kwa nini usiseme?"

"Mume wangu hajui. Fabiani hajui. Mama yangu alikufa akisema niliugua malaria muhula ule. Nikawaza, kitabu kisipokuwepo, cheti hakipo. Cheti kisipokuwepo, padri hafungi ndoa. Ningepata wiki, mwezi, nitafute namna. Na nilidhani jina langu limo, wakiandika cheti atalisoma."

"Na Mzee Oswaldi?"

"Alinikuta nacho kifuani. Akakishika, nami nikakishika. Nikamsukuma. Nikasikia kichwa kikigonga kabati." Hapo ndipo alipolia. "Yule mzee ndiye aliyenifundisha komunyo ya kwanza."

Vitus alifungua kitabu cha tisini na nane, akakigeuza upande wake. Monika alisoma taratibu, kidole chake kikifuata mstari. *Wazazi: hawakutajwa.* Alisoma tena.

"Hawakuniandika," alisema.

"Hawakukuandika. Ungekaa kimya, kesho wangefunga ndoa na hakuna kitabu ambacho kingewazuia."

Nje, Fabiani alisikika akimfokea Yonas kwamba hajui alichoitiwa. Vitus alijisikia vibaya, vibaya kweli. Amewakamata majambazi bila kutetemeka, sasa alishika kitasa cha mlango bila kukizungusha.

"Nitawaambia mimi, mama?"

"Hapana. Mimi."

Fabiani na Jenifa waliingia. Monika aliwaambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, akianzia Kipili. Alipomaliza, Fabiani alisema "Mama, acha," mara mbili, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula, kisha akageuka akaegemea ukuta, mgongo wake kwao. Hakugeuka tena.

Jenifa alibaki palepale. Mikono yake ilikuwa imechorwa hina ya harusi, mbichi bado.

"Nilizaliwa lini?" aliuliza.

"Tarehe tisa Desemba. Jumanne. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi."

"Uliniita nani?"

"Sikukupa jina."

"Siku mbili zote?"

"Niliogopa," alisema Monika. "Nilijua nikikuita jina sitapanda lile lori."

Jenifa aliitikia kwa kichwa, polepole. Mbele ya meza kulikuwa na benchi moja. Alikaa mwisho wake, mbali na mama yake kadiri benchi lilivyoruhusu, lakini alikaa.

Vitus alirudi kwenye karatasi yake kwa kuwa hakujua aangalie wapi. Ukurasa wa kwanza wa maelezo ulikuwa na nafasi aliyoijaza Alhamisi: idadi ya watoto, mmoja. Alimsogezea Monika kalamu ili atie sahihi chini.

Monika alisoma kuanzia juu. Akafika pale, akapiga mstari juu ya neno "mmoja", na kwa mwandiko wa mtoto wa shule akaandika: wawili.