Shemeji Aliniambia Injini Imekufa

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Karurumo, Embu, niliyeolewa Meru. Nafuma sweta za shule kwa mashine. Nasimulia haya nikiwa na hasira, na sitaomba msamaha kwa hasira hiyo!

Marehemu mume wangu aliniachia binti yetu Kendi na gari dogo lenye buti kubwa. Gari hilo ndilo lililotulisha. Nililijaza sweta nikazunguka madukani Nkubu, Maua, hadi Runyenjes.

Mwaka jana likaanza kuumwa. Asubuhi nikiliwasha, injini iligonga kidogo kisha ikatulia. Mlimani likawa zito... nakanyaga mafuta, linasitasita kwanza ndipo liende. Mwishowe taa ya injini ikawaka na kukataa kuzima.

Ningempelekea nani kama si shemeji yangu Muthomi, mdogo wa marehemu, mwenye gereji pale Makutano? Tangu tulipozika, ndiye aliyekuwa akilibadilisha oili. Mtu aliyebeba jeneza la mume wangu begani angenidanganya kweli?

Alichomeka kimashine chake cha kusoma hitilafu, akatikisa kichwa. Akasema kamshafti inachelewa kuitika. Nikamuuliza hicho ni kitu gani. Akanieleza kuwa ni chuma kinachofungua na kufunga vali za injini, na kwamba kompyuta ya gari ikikiagiza kisogee, chenyewe kinasogea polepole. Hapo hakudanganya. Uongo ulikuja baadaye!

Kwanza akabadilisha sensa, kile kifaa kidogo kinachoipa kompyuta ya gari habari za injini. Taa ikarudi. Kisha akasema ni cheni inayozungusha kamshafti. Gari likakaa kwake mpaka shule zikafunguliwa, nami nikawa nabeba magunia ya sweta kwa bodaboda, mvua ikininyeshea, wateja wakihamia kwa wengine... Nilipokwenda kuuliza, alinikalisha kwenye stuli, akaongea kwa upole kama mchungaji.

"Mama Kendi, hii injini imekufa. Uza gari tu hivyo lilivyo. Nimepata mtu wa Nanyuki atalichukua."

Nililia palepale gereji. Kisha nikatia sahihi, nikaliuza kwa bei ya vyuma chakavu. Na nikamshukuru! Mnasikia? Nilimshukuru!

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa Maua, nimesimama nje ya duka la mteja wangu. Nikaliona gari langu likipanda kilima, limejaa miraa hadi madirishani, linanguruma laini kama jipya. Namba zilezile! Nikalikimbilia mpaka liliposimama, nikamuuliza dereva kama yeye ndiye aliyelinunua.

"Si langu, mama. Ni la Muthomi, yule fundi wa Makutano."

"Na injini? Aliweka nyingine?"

Akacheka. "Nyingine ya nini? Oili ilikuwa nyeusi, nzito kama lami. Kuna vali ndogo inayopitisha oili ya kusukuma kamshafti, hiyo ilikuwa imeziba kwa uchafu. Nilimwona akiisafisha. Akaweka oili mpya, gari likapona siku hiyohiyo."

Oili nyeusi! Oili ileile aliyokuwa akiniapia kwamba ameibadilisha! Hakuwahi kuigusa... Aliliacha gari langu lisakamwe na uchafu, kisha akalinunua kwa mgongo wa mtu mwingine!

Nilikwenda moja kwa moja hadi kwa mama mkwe. Muthomi alikuwepo, anakunywa chai. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Hakukana. Aliyenijibu ni mama mkwe, na wala hakuinua sauti.

"Hiyo gari ilikuwa ya kijana wangu. Ulitaka uolewe kwingine, uende nayo huko kwenu Embu? Sasa imerudi nyumbani."

Alijua! Mwanamke niliyemwogesha kwa mikono yangu alipougua, alijua tangu mwanzo! Na Kendi je? Yeye si damu yao?

Nilimpeleka Muthomi kwa chifu. Chifu akasema niliuza kwa hiari yangu na sahihi ni yangu. Wazee wa kanisa wanataka nisamehe ili boma litulie. Mbona hawamwambii Muthomi arudishe gari ili boma litulie? Nimefunganya mashine yangu na mtoto wangu, nimerudi Karurumo. Naanza upya, kwa miguu...

Wajane wenzangu, nawasihi! Fundi akikwambia kamshafti inachelewa, mwambie achomoe kijiti cha oili mbele yako, uione rangi yake. Aitoe ile vali, uishike mkononi. Kabla hujakubali kwamba injini imekufa, lipeleke gari kwa fundi mwingine, mtu ambaye hakumjua hata marehemu mumeo. Na shemeji akinuna kwamba humwamini, mwache anune! Kununa kwake kutapita. Gari langu halitarudi.