Mabano ya Marehemu

"Samaki anatoka. Kata kamba."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Odile, askari mpelelezi, akavuta mafuta, pikipiki ya TVS ikapasua mtaa wa Mangobo huku wapita njia wakimlaani. Aliielewa amri: baleinière, boti kubwa ya mbao, iliyojaa risasi inaondoka bandarini kuelekea Isangi, na kompyuta ya bandari imeshaipa kibali; aizuie.

Kilichomtetemesha si risasi. Kibali kilikuwa na saini ya mumewe, Jérémie.

Na Jérémie alikuwa kaburini.

Ofisini bandarini, Benoît, mkuu wa waandishi wa programu na bosi wa Jérémie, alimvutia kiti. Ndiye aliyetunga kanuni za uandishi wa programu za kikosi chake, na alizipenda kama padri apendavyo misa.

"Pole, maman Odile. Weye iko mu kilio, unatafuta nini huku?"

"Klasi ya vibali, ile programu inavitoa. Fungula."

"Ah non! Ile iko kazi ya Jérémie. Tulisikilizana, hakuna mutu atagusa vitu yake mbele matanga iishe."

Heshima ndiyo iliyowaponza. Kila kipande cha programu kilisomwa na mtu wa pili kabla ya kuingia mtamboni, isipokuwa vya marehemu. Nani akague kazi ya maiti?

Odile aliifungua kompyuta ya Lenovo mwenyewe. Mistari mipya, ya jana. Labda yu hai mahali fulani, anaandika! Alilitaka jambo hilo kiasi kwamba angeiacha baleinière ipite.

Akasoma. Kila bano la kufungulia lilikaa mwisho wa mstari, kama kanuni zilivyoagiza.

Jérémie hakuandika hivyo maishani mwake. Alilishusha bano mstari wa chini, makusudi. Wenzake wakamtoza bia ya Primus, akanunua akicheka, kesho yake akarudia.

Si yeye. Machozi yakamtoka bila haya.

"Bwana yangu hakutii sheria yako hata siku moja," alisema. "Huyu anaitii yote. Na code yake ya siri, ni weye tu ulibakia nayo."

Mkono wa Benoît ukaenda kwenye droo.

Bastola ya Odile, Glock, ilikuwa imeshamfika usoni.

"Mukono ilizoea tu," Benoît alinong'ona. Mazoea yana taabu.

Ilibaki kuifuta saini ya Jérémie. Ikifutwa, vibali vyake vyote vinakufa, na jina lake linatoka mtamboni. Odile aliligusa jina lile kwenye kioo.

"Papa Benie, unisamehe," alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Akabonyeza.

Redio ikakoroma. "Odile, geti imefungwa. Askari iko ndani ya baleinière. Risasi iko mingi!"

"Bien reçu, nimesikia."

Alimfunga Benoît pingu, akamkabidhi kwa askari mlangoni. Fundi mmoja, Nicole, alimfuata kwa woga.

"Maman Odile, hii klasi sasa tuandike iko ya nani?"

"Yenu. Jérémie alikufa."

Hakuwahi kulitamka kwa sauti. Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka ngazi polepole.